Umeme wa Kikagati, giza la Nakivale: nani anauza, nani ananunua?

MBARARA, Uganda

Ukitoka Mbarara kwenda kusini kwa barabara ya Kikagati, unaingia kwenye migomba ya Isingiro, wilaya inayolisha matoke sehemu kubwa ya Uganda. Malori ya ndizi yanapishana na bodaboda zilizobeba mikungu mitatu mitatu. Barabara inaishia mto Kagera. Ng'ambo ni Murongo, wilaya ya Kyerwa, Tanzania.

Hapo mtoni, katikati ya nchi mbili, unasimama mtambo wa kuzalisha umeme wa megawati 14. Waganda wanauita Kikagati, Watanzania wanauita Murongo, na kwenye hati unaandikwa majina yote mawili. Zamani palikuwa na mtambo mdogo wa enzi za migodi ya bati, ukaharibiwa katika vita vya 1979. Huu mpya ulizinduliwa rasmi Mei 2023 na marais Yoweri Museveni na Samia Suluhu Hassan. Mapatano ni kwamba nusu ya umeme ni ya Uganda na nusu ni ya Tanzania.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Isingiro ipo Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza 1958, yenye zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Somalia, Burundi, Rwanda, Ethiopia na kwingineko. Nguzo za gridi hazifiki kila kijiji cha Nakivale. Sehemu kubwa ya makazi hayo usiku huwashwa na paneli za jua, betri za gari na jenereta za watu binafsi.

Mfanyabiashara anayepita njia hii na mzigo wake atauliza swali la kawaida la sokoni: kama bidhaa inatengenezwa hapa na wateja wako hapa, kwa nini haiwafikii? Jibu haliko kwenye maji ya Kagera. Liko kwa mtu wa kati.

Dalali, mchuuzi na mwenye barabara

Wafanyabiashara wa mpakani wanajua tofauti ya dalali na mchuuzi wa jumla. Dalali hamiliki mzigo. Anamkutanisha mwenye mali na mnunuzi, anakula chake, anaondoka. Mchuuzi wa jumla anatoa fedha yake, mzigo unakuwa wake, na ndizi zikiiva njiani hasara ni yake.

Umeme nao una wachuuzi wa jumla. Katika nchi zilizofungua soko hili kuna kampuni ambazo hazina bwawa, hazina nguzo, hazina hata mita moja kwenye nyumba ya mteja. Kazi yao ni kununua umeme kwa mzalishaji, kulipia nafasi kwenye nyaya za mwenye gridi kama mtu anavyolipia nauli ya lori, kisha kumuuzia kiwanda au kampuni ya usambazaji. Faida yao iko kwenye tofauti ya bei, na huduma wanayotoa ni kubeba hatari: mzalishaji anataka mnunuzi wa miaka 20, kiwanda kinataka bei isiyopanda kila mwezi, na mchuuzi anakaa katikati akimpa kila mmoja mkataba anaouweza.

Ugumu wa biashara hii ni kwamba umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Kinachozalishwa saa hii lazima kitumike saa hii, na betri kubwa bado ni ghali. Kwa hiyo mchuuzi anayekosea hesabu hana siku mbili za kutafuta mnunuzi mwingine.

Marekani biashara hii ilishika kasi baada ya sheria ya nishati ya 1992, na zaidi baada ya agizo la 1996 la tume ya serikali ya shirikisho lililowalazimisha wenye nyaya kuwapitishia wengine umeme kwa masharti sawa na wanayojipa wenyewe. Kampuni iliyovuma kuliko zote ilikuwa Enron. California ilifungua bei ya jumla huku bei ya rejareja ikiwa imefungwa kwa sheria. Wachuuzi wakaona mwanya. Katika mwaka 2000 na 2001 bei ya jumla ilipaa, umeme ukakatwa kwa zamu, kampuni kubwa ya usambazaji ya jimbo hilo ikaomba kinga ya mufilisi Aprili 2001. Baadaye ilibainika kwamba baadhi ya uhaba ulitengenezwa makusudi mezani. Enron yenyewe ilifilisika Desemba mwaka huo, kwa udanganyifu wa vitabu vyake.

Watu wengi Afrika Mashariki walisoma habari ile na kuhitimisha kwamba mchuuzi wa umeme ni mlanguzi. Hitimisho hilo lina haraka kidogo. Tatizo la California lilikuwa soko lililofunguliwa upande mmoja na msimamizi aliyechelewa kufika.

Uganda na kiti cha katikati

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuvunja shirika lake la umeme. Sheria ya 1999 ilianzisha njia hiyo, mamlaka ya udhibiti ERA ikaundwa, na 2001 bodi ya umeme ya UEB ikagawanywa kampuni tatu: UEGCL ya kuzalisha, UETCL ya kusafirisha na UEDCL ya kusambaza. Mabwawa ya Nalubaale na Kiira pale Jinja yalikabidhiwa Eskom ya Afrika Kusini kuanzia 2003. Usambazaji ukakabidhiwa Umeme, kampuni iliyochukua jina lake kwenye Kiswahili, kwa mkataba wa miaka 20 kuanzia Machi 2005.

Wazalishaji binafsi wakakaribishwa. Bujagali ya megawati 250 ilikamilika 2012. Mabwawa madogo yakaota kwenye mito ya magharibi, Kikagati ikiwemo. Kwa hiyo Uganda ina wauzaji wengi mwanzoni mwa mnyororo na mamilioni ya wanunuzi mwishoni.

Katikati kuna kiti kimoja tu, nacho kinakaliwa na UETCL. Ndiyo inayonunua umeme wa jumla, kuupitisha kwenye nyaya zake za msongo mkubwa, kuuza kwa wasambazaji na kuuza nje ya nchi. Kwa lugha ya sokoni, UETCL ni mchuuzi wa jumla na mwenye barabara kwa wakati mmoja. Kampuni ya Kikagati haiwezi kumpelekea umeme mwenye mashine ya kusaga Nakivale kama mkulima anavyompelekea jirani mkungu. Inaiuzia UETCL. Fungu la Tanzania linaingia kwenye hesabu za UETCL na TANESCO. Anayetaka kununua Isingiro anasubiri msambazaji afikishe nguzo, na ERA iseme bei.

Mpangilio huu una faida yake. Mwenye benki aliyetoa mkopo wa kujenga bwawa analala usingizi kwa sababu mnunuzi ni serikali. Lakini mikataba ya aina hii kwa kawaida inasema: umeme ukiwa tayari na mnunuzi asiuchukue, analipa hivyo hivyo. Nyaya zikichelewa, mahitaji yakiwa madogo, bili inakuja. Karuma ya megawati 600 ilipozinduliwa Septemba 2024, uwezo wa mitambo ya nchi ulipita megawati 2,000 huku mahitaji ya juu kabisa ya nchi yakiwa nusu ya hapo au zaidi kidogo. Nchi iliyokuwa ikigawa giza kwa zamu miaka ya 2000 sasa ina mzigo unaotafuta mnunuzi, na wanaoulipia ni wateja wenye mita za Yaka.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara anayebadili fedha kila wiki analielewa upesi. Mikopo na mikataba mingi ya mabwawa imeandikwa kwa dola, wateja wanalipa kwa shilingi. Kila robo mwaka ERA hupitia bei upya ikiangalia thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta duniani. Shilingi ikiteleza Kampala, mwenye friji Mbarara atalisikia.

Umeme aondoka

Tarehe 31 Machi 2025 mkataba wa Umeme uliisha na serikali ikakataa kuuongeza. Siku iliyofuata UEDCL ilichukua nguzo, transfoma na wateja. Serikali ililipa takriban dola milioni 118 kwa uwekezaji ambao haukuwa umerudi; kampuni ilidai zaidi, na mzozo ukapelekwa kwenye usuluhishi London.

Umeme ilikuwa na sifa zake na dhambi zake. Ilipoanza, karibu asilimia 38 ya umeme ulioingia kwenye nyaya ulipotea kwa uchakavu na wizi. Ilipoondoka upotevu ulikuwa chini ya asilimia 20. Wateja walipanda kutoka chini ya laki tatu hadi zaidi ya milioni mbili. Lakini faida iliyohakikishiwa kwenye mkataba iliwakera wananchi na wabunge kwa miaka, na bei ilibaki wimbo wa kila kampeni. Bei ya kawaida ya nyumbani ilishuka kidogo baada ya UEDCL kuingia, ingawa bado ni zaidi ya shilingi 700 kwa yuniti. Majuma ya kwanza yalikuwa na malalamiko mengi ya kukatika kwa umeme.

Kwa Mbarara, jiji tangu Julai 2020, hili ni suala la maziwa. Eneo hili ndilo moyo wa ng'ombe wa Uganda, na viwanda vyake vinakausha unga wa maziwa na kufungasha maziwa ya muda mrefu yanayouzwa Kenya na mbali zaidi. Maziwa yanahitaji baridi tangu yanapotoka kwa mfugaji wa Kiruhura au Isingiro. Umeme ukikatika saa nne kwenye kituo cha kukusanyia, mwenye kituo anawasha jenereta au anamwaga. Kenya ilipoanza kukamata maziwa ya Lato Januari 2020, na ilipozuia uingizaji wa unga wa maziwa Machi 2023, hoja moja ya upande wa Kenya ilikuwa kwamba maziwa ya Uganda ni rahisi mno. Mwenye kiwanda anayebanwa mpakani kwa vibali hana nafasi ya kubanwa tena na gharama ya nishati. Nchi nyingi zilizofungua soko lao humruhusu mteja mkubwa wa namna hiyo kutafuta muuzaji wake mwenyewe na kujadiliana bei. Mbarara hawezi kumkimbilia mchuuzi mwingine wa gridi, kwa kuwa hakuna.

Masoko yaliyohamia Nakivale

Nakivale ina jambo ambalo wachumi wa nishati wangelipia nauli kuja kuliona. Watu wake wametoka kwenye karibu kila aina ya soko la umeme lililopo ukanda huu, na kila kundi lilikuja na mazoea yake.

Wasomali, wanaouita umeme koronto, wametoka mahali ambapo serikali ilianguka 1991 na shirika la umeme likaanguka nalo. Mtu mwenye jenereta alivuta nyaya mtaani, akakusanya fedha nyumba kwa nyumba. Wauzaji hao walikua, wakaungana, na Mogadishu ikapata kampuni kama BECO, iliyoundwa 2014 kwa kuunganisha wauzaji wa mitaa. Kwa miaka zaidi ya 30 hapakuwa na msimamizi wa maana; sheria ya umeme ya nchi nzima ilipitishwa 2023. Soko lile liliwasha taa, lakini bei yake ilikuwa kati ya zilizo juu kabisa duniani.

Wakongo wa Kivu wametoka kwenye soko la aina nyingine. Sheria ya Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL. Goma ikawa mji wa ajabu kidogo: SNEL ya serikali, Virunga Energies inayotumia mito ya hifadhi, Socodee, na Nuru iliyofungua kituo cha jua cha megawati 1.3 mwaka 2020. Kuna mitaa ambayo mteja aliweza kulinganisha wauzaji wawili kama anavyolinganisha mitandao ya simu. Vita havikuheshimu ushindani huo, na tangu Goma ianguke mikononi mwa M23 Januari 2025 wengi waliojua bei za wauzaji wote wale wako ugenini.

Warundi walizoea shirika moja la serikali, REGIDESO, na Waethiopia nao shirika lao moja. Pale Nakivale wote wanakutana kwenye meza moja: ya kuchajia simu.

Meza hiyo ndiyo soko huria la umeme katika umbo lake dogo kabisa. Paneli juu ya bati, betri chini ya meza, kibao cha soketi, na simu zimepangwa zikiwa na vipande vya namba. Chukua bei ya shilingi 500 kwa kuchaji simu moja, bei iliyozoeleka vijijini Uganda. Simu ya kisasa, pamoja na kinachopotea njiani, hula takriban wati-saa 20. Yuniti moja ya umeme inachaji simu 50. Maana yake ni kwamba yuniti hiyo inauzwa shilingi 25,000, zaidi ya mara 30 ya bei ya Yaka.

Lipo fumbo chungu zaidi. Uganda inampa mteja wa nyumbani kwenye gridi yuniti 15 za mwanzo za mwezi kwa shilingi 250 kila moja, bei ya kumsaidia maskini. Jumla ni shilingi 3,750. Kwa fedha hiyo asiye na nguzo anachaji simu mara saba na chenji kidogo. Ruzuku inafuata waya, na waya haukufuata maskini wote.

Mwenye meza si mwizi. Amenunua paneli, betri itakufa baada ya miaka michache, mvua za Oktoba zinampunguzia jua, na simu ikipotea analipa. Mwenye jenereta ana hesabu mbaya zaidi: mashine ndogo inaweza kunywa nusu lita ya petroli kwa yuniti moja, na mafuta yalikwisha kulipiwa usafiri kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Anachouza kila mmoja wao si umeme pekee. Anauza umeme uliofika. Kakuma na Dadaab, upande wa Kenya, wenye jenereta wamevuta nyaya na kuuza kwa majirani kwa miaka mingi kwa mantiki hiyo hiyo.

Kwa nini basi mwekezaji mkubwa hajajenga gridi ndogo kila kona ya Nakivale? Sheria haimfungii mlango kabisa. Sheria ya 1999 inamruhusu mwenye mtambo usiozidi megawati 0.5 kuzalisha bila leseni, mradi ajiandikishe ERA. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na biashara, jambo ambalo nchi nyingi hazina. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa 2014, uliofanyika Nakivale, Kyangwali na Kampala, ulionyesha kwamba kati ya wakimbizi wa Kampala, asilimia 21 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja zaidi, na asilimia 40 ya waajiriwa wao walikuwa Waganda. Wateja wapo na fedha inazunguka.

Kinachomtisha mwekezaji ni mambo mawili. Ardhi ya makazi ni ya serikali, mkimbizi anapewa kuitumia tu, na migogoro ya mipaka na wenyeji ni ya muda mrefu. Na nguzo za taifa zinaweza kufika mwaka wowote. Siku zitakapofika na yuniti ya shilingi 700, gridi ndogo inayouza ghali zaidi itakuwa imekufa kabla mkopo haujaisha. Hapo ndipo mchuuzi wa jumla angekuwa na kazi halisi: kununua umeme wa ziada wa Kikagati au Karuma, kuufikisha kwenye mlango wa makazi, na kuuza kwa mwenye gridi ndogo ambaye tayari ana mita na wateja. Kiufundi linawezekana. Kiti kimoja cha katikati ndicho kinachosema bado.

Waya uvukao mpaka

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, mabadiliko yatakayowagusa kwanza huenda yasitoke Kampala bali kwenye nyaya kati ya nchi. Biashara hii si ngeni: Kenya ilikuwa ikinunua umeme wa Jinja tangu laini ya Tororo ilipokamilika 1958. Kagera, upande wa Tanzania, imekuwa ikiwashwa kutoka Masaka kwa miaka mingi. Kutoka Mbarara laini ya kilovolti 220 inakwenda Mirama Hills, ilipangwa kuunganisha hadi Shango karibu na Kigali. Ethiopia inaiuzia Kenya tangu Novemba 2022, na laini ya Kenya na Tanzania kupitia Isinya na Singida iliwashwa mwishoni mwa 2024.

Mikataba hii yote ni ya shirika kwa shirika. Umoja wa umeme wa Afrika Mashariki, EAPP, ulioanzishwa 2005 na kuwa na makao Addis Ababa, unajiandaa kwa soko ambamo umeme wa kesho utauzwa leo kwa mnada. Uganda ilijiunga 2012. Wenzao wa kusini, SAPP, wamekuwa na soko la namna hiyo tangu 2009, na sasa wameruhusu wachuuzi wasio mashirika ya serikali: Zambia ina GreenCo, inayonunua kwa wazalishaji binafsi na kuuza kwa wateja wa Zambia na kwenye soko la pamoja. Mzalishaji mdogo akikosa mlipaji mmoja, GreenCo inatafuta mwingine.

Mfano wa Kusini unaonyesha pia nani wa kuogopwa. Soko likiwa na wauzaji wawili na mwenye nyaya akiwa mmoja wao, bei itafungwa chumbani. ERA ya Uganda, EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya kila moja inasimamia nchi yake. Mchuuzi atakayenunua Karuma na kuuza Kisumu atapita mikononi mwa wasimamizi wawili, na akidanganya upande mmoja lazima upande wa pili ujue siku hiyo hiyo. Kwa sasa hata lori la maziwa lenye vibali vyote linaweza kulala Busia.

Tanzania, nayo, ina mpango wa kuiunganisha Kagera na gridi yake ya taifa, sasa kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Siku waya huo utakapowashwa, TANESCO haitahitaji tena kununua Masaka kwa ajili ya Bukoba. Fungu la Tanzania pale Kikagati litabaki. Lakini megawati ambazo UETCL ilikuwa ikivusha Mutukula zitarudi Uganda, na itabidi zitafutiwe mnunuzi, huku Nakivale ikiwa jirani wa karibu.